Geto la kwanza kuitwa geto: Wayahudi wa Venice waliishi vipi nyuma ya geti

Mdogo wangu kahama nyumbani, kapanga chumba kimoja Sinza, kaweka godoro chini, spika moja kubwa na mtungi mdogo wa gesi, na ukimpigia simu anakujibu "niko geto". Nikamsimulia dada mmoja wa Nairobi ninayefanya naye kazi, akashtuka, ati mtoto ameenda kuishi ghetto, kwani nyumbani kumeharibika nini? Kwake yeye ghetto ni Mathare, ni Kibera, mabati na mitaro. Jioni nikamweleza baba mdogo, ambaye alifundisha historia miaka mingi, yeye akasema nyote hamjui, geto ni kule Warsaw ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi kabla ya kuwaua. Neno moja, watu watatu, na kila mtu ana uhakika na anachosema.

Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, ila neno lenyewe lina mahali lilipozaliwa na lina tarehe kabisa. Tarehe 29 Machi 1516, mji wa Venice, Italia ya leo. Siku hiyo Seneti ya Venice ilipitisha amri kwamba Wayahudi wote waliopo mjini, ambao makadirio ya kawaida yanasema walikuwa kama 700 hivi, wahamie sehemu moja kwenye kona ya mji inayoitwa Cannaregio, na usiku wafungiwe huko. Sehemu hiyo ilikuwa tayari inaitwa geto kabla hata Myahudi mmoja hajaamriwa kwenda kukaa pale. Na maisha yaliyokuja kujengeka ndani ya geto hilo hayafanani na picha ya mtu yeyote kati ya wale watatu, ndiyo maana nimeona niandike hili kwa urefu.

Tuanze na maneno maana tusipoyaweka sawa tutapotezana njiani.

Geto, kwa lugha ya watu wa Venice, lilitokana na kitenzi cha kumimina au kutupa, yaani kumimina chuma kilichoyeyushwa. Pale palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba cha serikali. Kiwanda kilipoondoka, jina likabaki kama vile hapa kwetu unavyokuta kituo cha daladala kinaitwa jina la kiwanda ambacho hakipo tena. Kwenye hati za zamani utakuta limeandikwa hivyohivyo, "geto", sawasawa na mdogo wangu anavyoliandika kwenye meseji. Wenyeji walilitamka kwa sauti laini karibu na "jeto", na wapo wanaosema ni Wayahudi waliotoka upande wa Ujerumani ndio walioligeuza kuwa na ile g nzito tunayoitumia mpaka leo.

Neno la pili ni condotta. Huu ni mkataba. Wayahudi wa Venice hawakuwa raia, waliishi kwa mkataba na serikali, mkataba wa miaka kadhaa ambao ukiisha mnakaa mezani upya, mnajadili mtalipa kiasi gani, mtafanya kazi gani na mtakaa kwa muda gani tena. Shika neno hili mkataba kwa sababu ukilielewa umeelewa nusu ya habari yote.

Neno la tatu ni scola. Hivyo ndivyo walivyoita sinagogi zao, yaani shule. Hapa kuna kitu kizuri kwa sisi tunaoongea Kiswahili. Neno letu shule tumelipata kwa Wajerumani, na Wayahudi wa asili ya Ujerumani nao mpaka leo sinagogi wanaiita "shul", mzizi ni uleule. Kwao kusali na kusoma vilikaa chumba kimoja.

Sasa swali ambalo watu wengi wanaliruka: kama Venice haikuwataka Wayahudi si ingewafukuza tu? Hispania ilishawafukuza mwaka 1492, Uingereza iliwafukuza zamani zaidi, 1290. Kwa nini hawa wawafungie badala ya kuwafukuza?

Jibu liko kwenye vita. Mwaka 1509 Venice ilipigwa vibaya na muungano wa maadui zake kwenye mapigano ya Agnadello, majeshi yakaingia mpaka maeneo ya bara karibu na mji, ambao wenyewe umejengwa juu ya visiwa, na watu wakakimbilia mjini kujiokoa. Kati ya wakimbizi hao walikuwemo Wayahudi kutoka Mestre na miji mingine ya bara. Kabla ya hapo Venice haikuwa inawaruhusu kuishi mjini moja kwa moja, ilitaka wabaki huko upande wa bara, waje wafanye shughuli waondoke. Lakini serikali ilikuwa imefilisika kwa vita na wakimbizi hawa wanalipa kodi, halafu wanakopesha masikini wa mjini ambao bila mkopo wangeandamana. Mwaka 1513 ikasainiwa condotta na mwenye benki anayeitwa Asher Meshullam, Waitaliano wanamwita Anselmo del Banco, kwamba wakae na wakopeshe.

Upande wa pili kulikuwa na wahubiri, hasa kipindi cha Kwaresima, wakisema kushindwa vitani ni hasira ya Mungu kwa sababu Wayahudi wameachwa wazagae mjini. Serikali ikabanwa katikati, huku pesa, huku mimbari. Ndipo mheshimiwa mmoja, Zaccaria Dolfin, akapendekeza njia ya tatu: wabaki lakini wakae pamoja kwenye kisiwa kidogo kilichozungukwa na mifereji ya maji, chenye njia mbili tu za kuingia. Kwa hiyo geto lilikuwa ni ruhusa na kifungo vilivyoandikwa kwenye karatasi moja. Mimi kila nikifikiria hapo naona ndipo ugumu wa kulielewa ulipo, maana tumezoea mtu awe ama amekaribishwa ama amefungwa, na hawa walikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Haya tuiangalie hiyo kufungwa yenyewe ilivyokuwa, kwa karibu.

Asubuhi kengele kubwa ya uwanja wa San Marco, iliyoitwa Marangona, ikilia mageti yanafunguliwa. Jioni yanafungwa. Amri ya kwanza ilisema yafungwe saa ishirini na nne, na watu wengi wakisoma hivyo wanadhani ni usiku wa manane, kumbe Waitaliano wa wakati ule walihesabu saa kuanzia jua linapozama, karibu sawa na sisi tunavyohesabu. Saa ishirini na nne ni magharibi, jua linazama na geti linafungwa. Baadaye wakaongezewa muda, saa moja baada ya jua kuzama wakati wa joto na saa mbili wakati wa baridi. Getini wanakaa walinzi Wakristo, na kwenye mifereji boti zinazunguka usiku kuhakikisha hakuna anayetoka kwa njia ya maji, na upande wa maji kukajengwa kuta. Halafu mishahara ya walinzi hao na boti hizo wanalipa Wayahudi wenyewe. Yaani unafungiwa na bili ya kufuli unaletewa wewe.

Waliokutwa nje usiku walipigwa faini na wangeweza kufungwa jela. Walioruhusiwa zaidi kutoka walikuwa madaktari, kwa sababu mgonjwa hasubiri kengele ya asubuhi na matajiri wa Venice walitaka daktari wao Myahudi aje hata saa nane ya usiku. Wengi wa madaktari hao walisoma Padua, chuo kikuu kilicho karibu na Venice ambacho kilikuwa kinawapokea Wayahudi kwenye udaktari wakati vyuo vingine vingi vya Ulaya vimewafungia mlango. Mchana, Myahudi akitoka alitakiwa avae kofia ya rangi ya kumtambulisha, kwanza njano, baadaye nyekundu.

Na nyumba? Wapangaji Wakristo waliokuwa wanakaa pale walitolewa, Wayahudi wakaingizwa kwa kodi iliyopanda theluthi moja juu ya ile ya zamani. Wenye nyumba wakasamehewa ushuru kwenye hiyo nyongeza. Mtu yeyote aliyewahi kuambiwa na mwenye nyumba "kodi imepanda, hutaki hama" anaielewa hali hii, tofauti ni kwamba hawa hawakuwa na pa kuhamia. Kununua hawakuruhusiwa, Myahudi hakuwa na haki ya kumiliki nyumba wala kiwanja Venice. Wao wenyewe wakatengeneza kanuni yao ya kujilinda inayotoka kwenye sheria ya Kiyahudi, kwamba familia ikishika nyumba ina haki ya kuendelea kuikalia na Myahudi mwingine haruhusiwi kwenda kwa mwenye nyumba kupanda dau amtoe mwenzake. Haki hiyo iliweza kurithishwa, kuuzwa, hata kupewa binti kama mahari yake ya kuondoka nayo. Ukitaka kuielewa haraka fikiria kilemba cha Kariakoo, fremu siyo yako, jengo siyo lako, lakini ile nafasi yako ya kukaa pale ina bei na unaiuza.

Watu wakaongezeka, eneo likabaki lilelile. Wakajenga kwenda juu. Sakafu zikakatwa katikati, chumba kimoja kikawa viwili kimoja juu ya kingine, dari zikashuka mpaka mtu mrefu ainame. Hata leo ukisimama kwenye uwanja wa Ghetto Nuovo unaona majengo ya ghorofa saba, nane, marefu kuliko ya jirani zao, na madirisha yamebanana kuonyesha jinsi sakafu zilivyo karibukaribu. Uwanjani kuna visima vitatu, maji ya mtaa mzima yalitoka pale. Sinagogi walizipandisha ghorofa za juu kabisa, kwa nje huoni mnara wala alama kubwa, unahesabu tu madirisha matano yaliyopangana ndiyo unajua hapa pana scola. Scola ya kwanza ya Wayahudi wa asili ya Ujerumani ilijengwa mwaka 1528, ya Canton ikafuata miaka michache baadaye, ya Kiitaliano ni 1575, halafu zipo mbili kubwa za watu waliokuja baadaye, ya Levantina na ya Kihispania. Ukipanda ngazi nyembamba ukafungua mlango unakutana na mbao zilizochongwa na dhahabu, na kwa chini barabarani usingejua.

Kwa nini sinagogi tano kwenye mtaa ambao unauzunguka kwa dakika kumi? Hapa ndipo dhana ya "Wayahudi ni wamoja" inapovunjika. Ndani ya geto kulikuwa na kile walichokiita mataifa. Wa kwanza ni Tedeschi, wenye asili ya Ujerumani pamoja na Waitaliano waliochanganyika nao, hawa ndio wale wa 1516, wanaoruhusiwa kukopesha na kuuza vitu vilivyotumika. Wa pili Levantini, raia wa dola ya Waturuki, wafanyabiashara wa Istanbul na Salonika, serikali iliwapa eneo la pembeni mwaka 1541 kwa sababu iliwahitaji kwenye biashara ya bahari. Wa tatu Ponentini, wa magharibi, waliotoka Hispania na Ureno, wengi wao familia zao zilibatizwa kwa lazima na kuishi kama Wakristo vizazi kadhaa, wakafika Venice na kurudi kwenye dini ya mababu. Mfanyabiashara mmoja, Daniel Rodriga, alihangaika miaka mingi na serikali mpaka mwaka 1589 wakapata mkataba wao uliowaruhusu kuishi kama Wayahudi na kufanya biashara na mashariki. Mmoja anaongea Kijerumani chake, mwingine Kihispania, mwingine Kituruki na Kiitaliano, sala ni zilezile lakini tuni tofauti, chakula tofauti, mavazi tofauti, mkataba na serikali tofauti. Wote geti moja.

Hapohapo nimalizie mkanganyiko wa majina unaowachanganya hata watalii. Ghetto Nuovo maana yake Geto Jipya, Ghetto Vecchio ni Geto la Zamani. Lakini Wayahudi walianza kukaa kwenye lile Jipya, 1516, kisha wakaongezewa lile la Zamani, 1541. Majina ni ya enzi za kiwanda cha shaba, hayahusiani na nani alihamia lini. Mwaka 1633 wakaongezewa kipande kingine kikaitwa Jipya Kabisa.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo uongo mwingi umelala, na kwetu umeingia kwa njia inayojulikana. Wengi wetu Myahudi wa Venice tulimjua darasani kupitia tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, Mabepari wa Venisi, iliyotoka 1969. Shylock, Myahudi anayekopesha, Antonio, mfanyabiashara Mkristo anayekopa, na ratili ya nyama ya mwili wake iliyowekwa rehani. Tafsiri ya Mwalimu ni kazi kubwa ya lugha na ninaipenda, lakini kama historia ya geto haitufai, kwa sababu tamthilia yenyewe iliandikwa miaka ya 1590 kwenye nchi ambayo ilishawafukuza Wayahudi miaka 300 nyuma. Geto halitajwi hata mara moja. Shylock anatoka usiku kwenda kula chakula kwa watu, kitu ambacho kwa Myahudi halisi wa Venice kingemkutanisha na walinzi wa getini.

Lakini tofauti kubwa zaidi ni mkopo. Shylock anakopesha dukati 3,000, dukati ikiwa ni sarafu ya Venice. Kwenye mkataba wa mwaka 1573, benki za geto ziliagizwa na serikali kukopesha masikini wa mjini mikopo isiyozidi dukati 3, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Dukati tatu. Mtu anakuja na shuka lake, au sufuria ya shaba, au koti la baridi, anaweka bondi, anapewa karatasi yake, anarudi akipata hela. Benki zilikuwa tatu na zinakumbukwa kwa rangi, Nyekundu, Kijani na Nyeusi, mapokeo yanasema ni kwa sababu ya rangi ya karatasi ya risiti. Asilimia 5 kwa mwaka, linganisha na mikopo ya kausha damu ambayo mama wa genge mtaani kwetu anakamuliwa kwa wiki, uone nani alikuwa ananyonya nani. Riba ilikuwa ndogo kiasi kwamba benki hizo zilijiendesha kwa hasara, na jumuiya nzima ya Wayahudi wa Venice na wa miji ya bara ilichangishwa kufidia, kwa sababu kuziendesha lilikuwa sharti la kuruhusiwa kukaa. Miji mingine ya Italia ilikuwa na taasisi za Kanisa za kukopesha masikini kwa rehani, Venice iliamua kazi hiyo ifanywe na Wayahudi kwa gharama zao.

Kwa nini wao? Kanisa lilimkataza Mkristo kutoza riba, na Wayahudi nao walikatazwa karibu kila kazi nyingine. Vyama vya mafundi haviwapokei, ardhi hawamiliki. Kwa wale Tedeschi zilizobaki ni tatu: kukopesha kwa rehani, udaktari, na kuuza vitu vilivyotumika. Hiyo ya tatu ndiyo iliyolisha watu wengi. Nguo kuukuu, mapazia, samani, mpaka mabalozi wa nchi za nje wakija Venice walikuwa wanakwenda geto kukodi vitanda na mazulia ya kupambia nyumba. Kwa lugha yetu lilikuwa soko la mitumba na fanicha, na Myahudi haruhusiwi kuuza kipya, kipya ni cha chama cha mafundi Wakristo. Asikudanganye mtu kwamba walizaliwa wanapenda kukopesha, walisukumwa kwenye mlango mmoja kisha wakalaumiwa kwa nini wamejaa pale mlangoni.

Na usalama wao ulikuwa wa mkataba kweli. Desemba 1571, miezi miwili baada ya Venice na washirika wake kuwashinda Waturuki vitani kule Lepanto, Seneti iliamua wafukuzwe wote mkataba ukiisha. Mwaka 1573 ikabadili msimamo, na huo mkataba wa riba ya asilimia 5 ndio ulikuwa bei ya kubaki.

Kuna mtu anayetusaidia kuyaona haya maisha kwa ndani kuliko hati zote za serikali. Rabi Leon Modena, alizaliwa Venice 1571, akafa 1648, na aliandika habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiebrania. Alikuwa mhubiri wa sifa kubwa, Wakristo walikuwa wanaingia sinagogi kumsikiliza, siku moja alikuja mpaka ndugu wa mfalme wa Ufaransa na watu wake. Aliandika kitabu kuwaeleza Wakristo desturi za Wayahudi, kilichochapwa Paris mwaka 1637, kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo la ujasiri maana maelezo mengi yaliyokuwepo yaliandikwa na watu waliowachukia. Huyuhuyu mtu alikuwa mcheza kamari aliyeshindwa kujizuia. Akiwa mtoto aliandika kitabu cha kuipinga kamari, halafu ikamfilisi ukubwani mara kwa mara. Aliorodhesha kazi 26 alizowahi kufanya ili apate riziki: kufundisha watoto, kuhubiri, kuandika barua za watu, kutafsiri, kusahihisha vitabu vya kuchapwa, kutunga mashairi ya harusi na ya makaburi, kuandika hirizi, kuwatafutia watu wachumba, muziki, michezo ya kuigiza. Yeyote anayeishi mjini kwa kuungaunga anamjua huyu mtu.

Nyumbani kwake kulikuwa na majonzi. Mwanawe mkubwa Mordecai alianza majaribio ya kugeuza madini mengine kuwa madini ya fedha, alifundishwa na padri mmoja Mkatoliki, wakafungua kichumba cha kazi Ghetto Vecchio. Moshi wa madini ya risasi na sumu nyingine za madini zikamwingia, akaanza kutoka damu, akafa mwaka 1617 akiwa na miaka 26. Mwingine, Zevulun, aliuawa mwaka 1622 na vijana Wayahudi wenzake, palepale. Modena anaandika haya bila kujificha, kama baba. Nayaleta kwa sababu tukisema "Wayahudi wa geto" tunaona kundi, na hapa kuna mtu amekaa chumbani kwake anamlilia mtoto.

Utaona pia kwamba padri alikuwa anaingia geto kufanya kazi na kijana wa rabi. Dhana kwamba ukuta ulikata kila uhusiano siyo kweli. Usiku ndiyo, geti limefungwa. Mchana ilikuwa mtaa wenye pilika, Wakristo wanaingia kukopa, kununua, kutibiwa, kusikiliza mahubiri, na sikukuu ya Purimu ikifika, ambayo inaangukia karibu na msimu wa kanivali ya Venice, watu wanakuja kuangalia vinyago na michezo. Muziki nao ulikuwepo. Mtunzi Salamone Rossi wa Mantua alichapisha Venice, miaka ya 1622 na 1623, nyimbo za sinagogi za sauti nyingi kwa Kiebrania, Modena ndiye aliyemtetea mbele ya marabi waliosema mambo hayo hayafai.

Na kulikuwa na Sara Copio Sullam, mshairi, mwanamke aliyefungua sebule yake geto kwa waandishi na wasomi Wakristo kuja kuzungumza vitabu. Mwaka 1621 mmoja wa wageni wake, padri Baldassare Bonifacio, akamchapishia maandishi akimshutumu kwamba anakana roho kuishi milele. Kwa wakati ule hilo ni shtaka zito, linaweza kukufikisha kwenye mahakama ya Kanisa. Sara akajibu kwa kuchapisha kijitabu chake mwaka uleule, akaandika wazi kwamba anaamini roho haifi na kwamba aliyemshutumu hajui anachokisema. Mwanamke, Myahudi, geto, 1621, na jina lake liko juu ya jalada. Alipofariki 1641, maneno ya kwenye kaburi lake alitunga Modena.

Vitabu navyo vina habari yake. Wayahudi hawakuruhusiwa kumiliki kiwanda cha uchapaji Venice, lakini mji huu ndio uliokuwa kitovu cha vitabu vya Kiebrania duniani. Mkristo kutoka Antwerp, Daniel Bomberg, alifungua uchapaji akaajiri wasomi wa Kiyahudi wasahihishe, na miaka ya 1520 mpaka 1523 akatoa Talmudi ya Babeli, ule mkusanyiko mkubwa wa sheria na mijadala ya marabi, nzima kwa mara ya kwanza. Mpangilio wa kurasa alioutumia ndio unaotumika mpaka leo, mwanafunzi wa Talmudi Jerusalem au New York akikutajia namba ya ukurasa anakutajia namba ya Bomberg. Miaka 30 baadaye, Oktoba 1553, kwa amri iliyotoka Roma, Talmudi zikakusanywa na kuchomwa moto pale uwanja wa San Marco. Mji uleule.

Turudi kwa baba mdogo sasa. Yeye alikuwa sahihi kwamba Wanazi walijenga mageto, lakini walichofanya ni kuchukua jina la zamani na kulibandika kwenye kitu kingine. Geto la Venice mtu alizaliwa, akasoma, akaoa, akazeeka, na akifa anapelekwa kwa boti kuzikwa kisiwa cha Lido kwenye makaburi ambayo Wayahudi walipewa tangu 1386. Geto la Warsaw lilijengwa ili watu wafe kwa njaa na maradhi kisha waliobaki wapelekwe kuuawa. Kulifananisha hili na lile kunalipunguzia uzito la Warsaw na kunafuta maisha ya la Venice. Wala Venice haikuwa ya kwanza kuwafungia Wayahudi mtaa mmoja, Frankfurt ilifanya hivyo tangu 1462. Ila jina lililosambaa ni la Venice, na Papa Paulo wa Nne alipowafungia Wayahudi wa Roma mwaka 1555, neno geto halikuchukua muda kufika huko nako.

Dada wa Nairobi naye, umasikini ulikuwepo geto, tena mwingi, lakini matajiri wa biashara ya bahari walikuwa ndani ya geti lilelile. Kilichofanya pawe geto ni geti na mkataba, mfuko wa mtu haukuangaliwa. Jinsi neno lilivyosafiri kutoka hapo mpaka mitaa ya watu weusi Marekani, kisha kwa muziki na filamu likafika Mathare na Sinza, hiyo ni makala nyingine.

Geti lenyewe lilikaa karibu miaka 281. Mei 1797 jamhuri ya Venice iliangukia mikononi mwa majeshi ya Napoleon, na tarehe 10 Julai mwaka huohuo watu wakayang'oa mageti, wakayaburuta mpaka uwanjani kwenye vile visima vitatu, wakayapasua na kuyachoma, Wayahudi na Wakristo wakicheza pamoja kuzunguka moto. Ukiingia leo kwa upande wa mfereji wa Cannaregio, kabla hujapita kile kichochoro kinachokwenda Ghetto Vecchio, angalia mawe ya pembeni ya mlango. Matundu ya bawaba bado yapo.